Kupiga Picha Maghala ya Zamani na Magofu ya Shambani: Mwongozo Kamili

Picha nyingi za magofu ya shambani zinafanana. Paa limebonyea, mawingu yametiwa weusi, kutu imekolezwa mpaka inaumiza macho. Mtazamaji anaguna, anapita. Kinachokosekana mara nyingi ni kazi. Ghala lilijengwa libebe mzigo fulani, zizi likapimwa kwa kimo cha mnyama fulani, na kuna watu waliofungua na kufunga milango hiyo kila siku kwa miaka. Alama za kazi yao bado ziko ukutani. Mwongozo huu unaanzia kwenye ruhusa na kuishia kwenye kuhifadhi faili, na wazo linalouongoza ni moja: tafuta kwanza alama za matumizi. Uchakavu hauhitaji kutafutwa, utaingia kwenye picha wenyewe.

Hatua ya 1: Piga hodi

Hakuna gofu lisilo na mwenyewe. Jengo linaweza kuwa limebaki kuta tatu na mti umeota katikati, lakini ardhi lilipo ina mmiliki, mrithi, benki au serikali. Katika nchi nyingi kuingia bila idhini ni kosa hata pasipo uzio wala kibao cha katazo.

Nenda nyumba iliyo karibu zaidi, mchana kweupe, kamera ikiwa ndani ya begi. Sema wewe ni nani, unataka jengo lipi, picha ni za nini na utakaa muda gani. Maneno machache yanatosha: "Naomba ruhusa nipige picha lile ghala la zamani. Ni kwa ajili yangu mwenyewe, sitagusa kitu, na nikimaliza nitapita hapa kukuaga." Ukikataliwa, shukuru uondoke. Kubembeleza kunamharibia njia mpiga picha atakayekuja baada yako.

Sheria ni sababu mojawapo tu ya kupiga hodi. Mwenye jengo anajua ubao upi umeoza, kisima cha zamani kilifunikwa wapi na nyuki wamehamia upande gani. Anajua pia jengo lilikuwa la nini, na jibu hilo hubadilisha picha. Ukiambiwa kwamba banda refu lenye matundu ya hewa ukutani lilikuwa la kukaushia tumbaku, hutahangaika tena na mlango wake. Utainua macho juu, kwenye miti ya mlalo ambako majani yalitundikwa.

Kama picha zitatumika kwenye tangazo au kuuza bidhaa, chukua idhini ya maandishi yenye sahihi. Kupiga picha kutoka barabara ya umma kunaruhusiwa katika nchi nyingi, ila hakikisha sheria ya ulipo, kwa sababu hazifanani. Droni nayo ina kanuni zake, na mwenye ardhi aulizwe hata kama huna mpango wa kukanyaga mlangoni.

Kwa anayetaka kujifunza bila kuhangaika na umiliki, yapo maeneo yaliyotunzwa kwa ajili ya wageni. Bodie, mji wa wachimba dhahabu huko California, ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo tangu 1962. Majengo yake yanazuiwa yasianguke, ila hayarudishiwi upya. Kolmanskop nchini Namibia, mji wa almasi ambao wakazi wa mwisho waliuacha mwaka 1956, una nyumba ambazo mchanga wa jangwa umejaa hadi nusu ya milango. Hiyo ni miji ya migodi, lakini mbinu ni zilezile.

Hatua ya 2: Jua kinachoweza kukuumiza

Usiende peke yako. Ikibidi, mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Vaa buti zenye soli ngumu, suruali ndefu na glavu. Kinga ya pepopunda iwe haijapita miaka 10. Watu hulaumu kutu, lakini bakteria wa pepopunda wanaishi udongoni na kwenye samadi, vitu ambavyo banda la mifugo limevijaa, na msumari ni njia yao ya kuingilia tu.

Sakafu za mbao ndizo zinazodanganya zaidi. Ukilazimika kukanyaga, tazama mistari ya misumari, kwa sababu chini ya kila mstari kuna boriti. Kanyaga juu ya mistari hiyo, karibu na ukuta, na ujaribu kila hatua kwa ncha ya fimbo kabla ya kuweka uzito. Ghorofa ya juu na ngazi za zamani viache kabisa. Picha ya ghorofani unaweza kuipata kwa kusimama chini na kuelekeza lenzi kwenye tundu la sakafu, na mara nyingi inapendeza zaidi.

Vumbi lichukulie kwa uzito. Kinyesi cha popo na ndege hurutubisha ukungu unaosababisha histoplasmosisi, ugonjwa wa mapafu. Mkojo na kinyesi cha panya vinaweza kubeba virusi vya hanta, ambavyo viliua watu kusini magharibi mwa Marekani katika mlipuko wa 1993. Vaa barakoa ya daraja la N95 au FFP2, usifagie, usipige teke marundo, wala usipuulize vumbi ili "kusafisha" sehemu unayotaka kuipiga. Paa la saruji lenye mawimbi linaweza kuwa na asbesto. Likiwa zima lina hatari ndogo, ila vipande vyake vilivyovunjika usivikanyage. Rangi ya zamani inayobanduka huenda ina risasi, hivyo usiikwangue.

Kuna sehemu mbili ambazo hata kichwa usiingize. Ya kwanza ni silo, lile ghala refu la mviringo la kuhifadhia malisho, ambalo linaweza kuwa na gesi ya dioksidi ya naitrojeni au kukosa oksijeni ya kutosha. Ya pili ni shimo la samadi, ambalo hutoa hidrojeni salfaidi. Gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa, zinatulia chini, na huua kabla mtu hajaelewa kinachotokea.

Jengo likiwa limeegemezwa kwa nguzo za dharura, au upepo ukivuma na ukasikia mbao zinalia, piga ukiwa nje. Simama mbali kwa umbali unaozidi kimo cha ukuta.

Hatua ya 3: Soma jua kabla ya kufika

Mbao zilizokaa nje muda mrefu hubadilika kwa namna inayoeleweka. Miale ya jua huvunja lignini, gundi ya asili ya mti, mvua inaiosha, na zinabaki nyuzi za kijivu zenye mng'ao wa fedha. Sehemu laini za pete za mti huliwa haraka kuliko sehemu ngumu, kwa hiyo ubao unabaki na matuta membamba yanayofuata nyuzi. Matuta hayo ndiyo yanayofanya mtazamaji atamani kugusa picha, na yanaonekana kwa sharti moja: mwanga upite ukiparaza ukuta, usiupige usoni. Jua likiwa nyuma yako moja kwa moja, ukuta unakuwa bapa.

Ushauri wa kawaida ni kwenda asubuhi na mapema au jioni. Ni ushauri mzuri, lakini haujakamilika, kwa sababu mwelekeo wa mbao ndio unaoamua. Mbao zilizosimama wima zinataka jua la pembeni, linalotupa kivuli kwenye kila mwanya. Mbao zilizolala, zile zinazopandana kama magamba, zinataka jua kutoka juu ili kila ubao uangushe mstari wa kivuli kwenye ule wa chini yake. Kwa ukuta wa namna hiyo unaotazama mashariki, saa ya mwisho kabla ya adhuhuri inaweza kuwa bora kuliko alfajiri. Mabati ya mawimbi nayo hufuata kanuni hiyo, kulingana na migongo ya mawimbi inavyoelekea.

Kwa hiyo fungua picha ya setilaiti ukiwa nyumbani, tafuta mgongo wa paa umeelekea wapi, na uandike ukuta upi unapata jua saa ngapi. Jua husogea angani nyuzi 15 kwa saa, na programu za kuonyesha njia ya jua kwenye simu zitakupa mengine. Kumbuka kwamba karibu na ikweta jua huzama karibu wima, hivyo mwanga wa dhahabu unakimbia. Katika latitudo za juu, hasa kiangazi, unakaa kwa muda mrefu.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni ghala la Moulton kwenye Mormon Row, ndani ya hifadhi ya Grand Teton, Wyoming, Marekani. Wapiga picha hujazana pale alfajiri kwa sababu ya jiografia: milima iko magharibi ya ghala, kwa hiyo jua la asubuhi linaangaza uso wa ghala na kilele cha milima kwa pamoja. Jioni jua linashuka nyuma ya milima hiyo, na ghala linabaki kwenye kivuli. Kabla ya kuamua saa ya kwenda, jiulize mandhari ya nyuma inaangazwa lini, si jengo peke yake.

Siku ya mawingu usiidharau. Bernd na Hilla Becher, mtu na mkewe kutoka Ujerumani, walianza mwaka 1959 kupiga picha za minara ya maji, mitambo ya migodi na nyumba za fremu za mbao, na walichagua makusudi anga lililofunikwa ili kivuli kisishindane na umbo. Walisimama mbele ya jengo moja kwa moja, wakapiga, wakaenda kwa lingine la aina hiyohiyo, kisha wakapanga picha kwa safu. Kama eneo lako lina mabanda mengi yanayofanana, njia yao itakupa mradi wenye nguvu kuliko picha moja ya machweo.

Wakati ninaoupenda mimi ni nusu saa baada ya mvua kukatika, mawingu yakiwa bado yametanda. Mbao zikilowa zinakuwa nyeusi, kutu inageuka rangi ya matofali mabichi, na huna haja ya kukoleza chochote baadaye. Ukungu wa asubuhi nao ni msaada: unafuta nguzo za umeme na nyumba mpya za nyuma bila kugusa kompyuta.

Hatua ya 4: Begi lenyewe

Simu nzuri inatosha kuanzia. Tumia lenzi yake kuu au ile ya kuvuta, rudi nyuma kwa miguu, na achana na lenzi pana kupita kiasi ukiwa karibu, kwani inalinyonga jengo. Gusa skrini na ushikilie ili kufunga fokasi na mwanga, kisha telezesha chini kidogo ili anga lisiungue kwa mwanga.

Kwa kamera yenye lenzi za kubadilisha, lenzi ya milimita 24 hadi 70 (namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta cha mbali) itafanya sehemu kubwa ya kazi, na lenzi ndefu ya 70 hadi 200 ni ya kupiga kutoka barabarani. Beba tripodi, tochi mbili, betri ya akiba, kitambaa cha lenzi na mfuko wa plastiki wa kufunika kamera. Filta ya polaraiza ina kazi yake: inaondoa mng'ao kwenye mbao zilizolowa, majani na vioo. Haiwezi kuondoa mng'ao wa bati tupu, na inakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga. Stopu moja, kwa asiyejua, ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu.

Hatua ya 5: Zunguka ukiwa mikono mitupu

Kabla ya kufungua begi, lizunguke jengo lote, mara ya kwanza kwa mbali, mara ya pili kwa karibu. Inashangaza jinsi kamera mkononi inavyompunguzia mtu kuona, kwa sababu anaanza kutafuta picha badala ya kulitazama jengo.

Wakati wa kuzunguka, jiulize maswali ya fundi na ya mkulima. Mlango mkubwa uko upande gani, na kwa nini upande huo? Gari au mkokoteni ulisimama wapi kushusha mzigo? Mnyama alipita wapi? Kizingiti kimelika wapi zaidi, katikati au kando? Sehemu ipi imeongezwa baadaye, na mbao zake zinatofautianaje na za mwanzo? Majibu yanakupa picha, moja baada ya nyingine. Njia iliyofutika kwenye nyasi inayoelekea mlangoni ni mstari wa kuongoza jicho ambao hakuna kitabu cha kanuni kitakachokuchorea.

Angalia pia unachotaka kukiacha nje ya fremu: nyaya, gari lako mwenyewe, bango. Hatua moja kushoto huwa inatosha kuficha nguzo ya umeme nyuma ya kona.

Hatua ya 6: Picha ya nje

Tatizo la kwanza la kila anayeanza ni kuta zinazoegemeana kwa juu. Linatokea kamera inapoinuliwa kutazama juu. Dawa ni kuiweka kamera sawasawa, tumia mizani ya ndani ya kamera, na badala ya kuinua lenzi, rudi nyuma, panda mahali palipoinuka, au kubali kuwa na ardhi nyingi chini ya picha na uikate baadaye. Programu za kuhariri zinaweza kunyoosha mistari, lakini zinakula kingo za picha, kwa hiyo acha nafasi pande zote. Lipo jambo moja la kuwa nalo makini: gofu lililoinama kweli libaki limeinama. Nyoosha upeo wa macho au nguzo ya uzio inayojulikana kuwa wima, usinyooshe ukuta uliochoka.

Umbali ndio unaobadilisha sura ya jengo. Ukisimama karibu na lenzi pana, kona ya mbele inakuwa kubwa na paa linakimbia nyuma. Hapo jengo linatisha, na magugu ya mbele yanapata nafasi. Ukisimama mbali na milimita 100 au zaidi, mlima au mti wa nyuma unasogea na kulikalia jengo begani. Piga zote mbili kabla ya kuamua.

Mipangilio ya kuanzia: ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kamera kwenye tripodi, taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Ukitaka nyasi za mbele na jengo vyote viwe vikali, kamera ya sensa kamili (yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35) yenye lenzi ya milimita 24 kwa f/8, fokasi ikiwekwa kwenye mita 2.4, itakupa ukali kuanzia kama mita 1.2 hadi upeo wa macho. Usikimbilie f/22. Kuanzia f/16 hivi mwanga unaanza kutawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea.

Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, usiamini mwonekano wa skrini. Anga likigonga ukingo wa kulia, punguza mwanga. Kivuli kwenye faili la RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kinainuka vizuri kuliko anga lililoungua linavyorudi.

Hatua ya 7: Ndani

Hapa ndipo picha nzuri nyingi hupatikana, na ndipo kamera inaposhindwa. Siku ya jua kali, tofauti kati ya nje ya mlango na kona ya giza ndani inaweza kufika stopu 10, yaani mwanga zaidi ya mara 1,000, na bado kuna vivuli vya boriti chini ya hapo. Sensa nzuri za leo hubeba stopu 12 hadi 14 kwa hali bora, na ukiinua vivuli mno chenga zinajaa. Fanya hivi:

1. Ingia, simama dakika chache, macho yazoee. Tumia muda huo kutazama sakafu na juu.
2. Weka tripodi mahali imara na uzime kidhibiti cha mtikisiko ikiwa lenzi yako inashauri hivyo.
3. Chagua f/8, ISO 100, fokasi ya mkono. Mulika kwa tochi kitu unachotaka kiwe kikali, weka fokasi, zima tochi.
4. Piga picha tatu bila kusogeza kamera: moja ya mwanga wa wastani, moja chini kwa stopu mbili, moja juu kwa stopu mbili. Kama mlango uko ndani ya fremu, ongeza ya chini kwa stopu nne.
5. Badilisha shata tu, yaani muda wa kuingiza mwanga. Ukibadilisha tundu la lenzi, kina cha ukali kinabadilika na picha hazitashikana.

Baadaye unaziunganisha kwenye programu. Maoni yangu ni kwamba muunganisho ukionekana umeharibika. Ndani ya ghala pana giza, na giza hilo ni ukweli wa mahali. Acha kona zizame, na mlango uwe mweupe kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo jicho lilivyoona.

Njia rahisi zaidi ni kugeuka na kuupa mlango mgongo. Mwanga unaoingia unakuwa wa upande mmoja, laini, na stopu 10 zinapungua hadi nne au tano. Picha moja inatosha.

Mistari ya mwanga inayopenya kati ya mbao inaonekana vizuri ukitazama upande wa jua, jua likiwa chini na nyuma ya ukuta, na nyuma ya miale pawe na giza. Pima mwanga kwenye miale yenyewe, kisha acha mengine yawe meusi. Usitimue vumbi ili miale ikolee, kwa sababu zilizotajwa juu. Asubuhi yenye unyevu hufanya kazi hiyo bure.

Flashi ya kwenye kamera iache. Inafuta kila kivuli ulichokuja kukitafuta.

Hatua ya 8: Sogea karibu

Chukua mfano wa komeo la mlango. Kipande cha chuma kinaning'inia kwenye msumari mmoja, na kwa miaka upepo umekuwa ukikipeleka huku na huku. Ukitazama ubao chini yake utakuta nusu duara iliyochongeka, laini, yenye rangi nyepesi kuliko ubao mwingine, na pembeni yake michirizi ya kutu iliyoteremka na mvua. Pembeni kidogo, kwa kimo cha mkono, mwimo wa mlango umelainika na kuwa mweusi pale viganja viliposhika kila mara. Hapo kuna vitu viwili kwenye fremu moja, mkono wa mtu na upepo uliokuja baada yake.

Piga kitu kama hicho kwa milimita 50 hadi 100, sensa ikiwa sambamba na ubao ili ukali uenee fremu nzima, f/8 au f/11. Kama mwanga wa asili ni bapa, shika tochi pembeni kabisa, karibu iguse ukuta, na uisogeze taratibu mpaka nusu duara ijitokeze. Unaweza kushangazwa na kinachoibuka kwa tochi ya pembeni: hesabu za magunia zilizoandikwa kwa chaki au penseli, herufi za majina, alama za seremala.

Alama hizo zinastahili muda. Kwenye maghala ya fremu za mbao ya Ulaya na Amerika Kaskazini, mafundi walichonga namba za Kirumi kwenye viungo ili kila boriti irudi kwa mwenzake siku ya kusimamisha. Uso wa mbao nao unazungumza. Michongo mifupi isiyolingana ni ya tezo au shoka, mistari iliyonyooka inayofuatana ni ya msumeno wa kwenda juu na chini, na mikwaruzo ya tao ni ya msumeno wa duara, ambao ulienea katika karne ya 19. Ukikuta aina mbili kwenye jengo moja, huenda umeona mahali lilipoongezwa au kukarabatiwa.

Usipange vitu. Kiti kilichoanguka kibaki kimeanguka, na chupa isihamishwe dirishani. Watazamaji wa picha hizi wanatambua haraka mwanasesere aliyekalishwa kwenye mwanga, na wakimtambua hawaamini tena chochote.

Hatua ya 9: Seti ya kumbukumbu

Hata kama lengo lako ni sanaa, tenga muda wa kulirekodi jengo, kwa sababu linaweza lisiwepo msimu ujao. Piga kila upande ukiwa umesimama mbele yake moja kwa moja, kisha kona mbili zinazotazamana kwa pembe ya nyuzi 45, kisha jengo na mazingira yake, ndani kutoka kona mbili, kenchi za paa, na viungo muhimu vikiwa na rula au fimbo ya kipimo pembeni. Marekani wana mpango wa serikali wa kurekodi majengo ya kihistoria tangu 1933, na picha zake zilizowekwa kwenye Maktaba ya Bunge ziko wazi kwa umma. Zitazame uone jinsi picha zisizojipamba zinavyodumu.

Hatua ya 10: Usiku, ukitaka

Fika mchana, weka fremu na fokasi kukiwa na mwanga, usiguse tena. Kwa nyota, anza na milimita 24, f/2.8, ISO 3200, sekunde 20. Muda huo unatokana na kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi, na ukiuzidisha nyota zinageuka michirizi. Mulika jengo kwa tochi ukiwa umesimama pembeni mbali na kamera, sekunde chache tu, mkono ukitembea. Mwambie mwenye shamba mapema kwamba utakuwapo usiku na tochi, asije akadhani ni wezi.

Hatua ya 11: Kuhariri

Anza na mizani ya rangi. Mbao za kijivu kwenye kivuli hupata ubuluu. Ondoa kiasi, si wote. Rekebisha mistari, kata kingo, kisha ndipo uguse utofauti wa mwanga na giza. Kitelezi cha kuongeza chembechembe za uso ndicho kinachoua picha hizi, kwani mbao zenye matuta hazihitaji kusaidiwa.

Kwa maghala mekundu, ambayo kwa desturi yalipakwa rangi ya oksidi ya chuma iliyochanganywa na mafuta ya kitani, ugeuzaji wa nyeusi na nyeupe unakupa uamuzi mkubwa. Ukiinua mkondo wa rangi nyekundu, ghala linakuwa jeupe na anga la buluu linazama. Ukiushusha, ghala linakuwa zito na jeusi. Jaribu zote mbili kabla ya kuchagua.

Hatua ya 12: Kutunza na kutoa

Hifadhi faili sehemu mbili tofauti siku hiyohiyo. Andika tarehe, jina la eneo, matumizi ya jengo kama ulivyoambiwa, na kila picha ilitazama upande gani. Hifadhi taarifa kamili ya mahali kwenye kumbukumbu zako.

Kabla ya kuchapisha mtandaoni, fanya kinyume: futa data za GPS zilizofichwa kwenye faili na usitaje njia ya kufika. Mbao kuukuu zinatafutwa sana kwa samani na mapambo ya kuta, na wapo wanaozing'oa usiku. Picha inayoonyesha ghala lisilolindwa pamoja na mahali lilipo inawarahisishia kazi. Wanaofuata ni waharibifu na wachoraji wa kuta.

Chapa picha moja kwenye karatasi nzuri umpelekee mwenye jengo, na umpe nakala ya seti ya kumbukumbu. Mara nyingi atageuza picha, atasema nani alijenga sehemu ipi, na atakumbuka banda lingine upande wa pili wa shamba ambalo hakulitaja mwanzo.